Umeme Ndani ya Tone la Maji

Katanga ikitajwa katika historia ya umeme, hutajwa kwa mambo mawili: shaba iliyotoka ardhini mwake kwenda kuwa nyaya za dunia, na ule mstari mrefu kutoka Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, uliokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili migodi isikose nguvu. Mstari huo ulijengwa kubeba umeme wa volti 500,000. Makala haya yanahusu umeme mwingine, wa takriban millivolti 30, yaani sehemu 30 za elfu za volti moja. Umo katika viumbe vya seli moja vinavyoogelea mto Kafubu, na wa namna yake umo katika seli za kila mkazi wa Kamalondo na Katuba, hapa Lubumbashi.

Asiudharau mtu kwa udogo wake. Utando wa seli una unene wa takriban nanomita 6. Gawanya millivolti 30 kwa unene huo, utapata nguvu ya volti milioni 5 kwa kila mita. Kwa nguvu hiyo kiumbe asiye na ubongo, asiye na macho wala mshipa wa fahamu, huamua aende mbele au arudi nyuma.

Anachoendeshea mwendo wake ni silia: vinyweleo vinavyoota juu ya seli, kila kimoja na urefu wa takriban sehemu ya mia ya milimita, vinavyopiga maji kama makasia. Kujua kwamba makasia hayo hupokea amri kwa umeme kuliwachukua watu karibu miaka 300, na sehemu ya njia hiyo ilipita karibu na sisi kuliko tunavyodhani.

Delft na Bologna, 1676 hadi 1835

Mtu wa kwanza kuacha maandishi juu ya viumbe hao alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek. Hakusoma chuo kikuu. Alijisagia lenzi zake mwenyewe, na katika barua ndefu ya Oktoba 1676 aliwaeleza wanachama wa Royal Society ya London juu ya wanyama wadogo mno aliowaona ndani ya maji, wengine wakiwa na vijiguu vyembamba vilivyokwenda kasi. Vijiguu hivyo ndivyo silia.

Zaidi ya karne nzima ilipita bila mtu kujua vinafanya kazi gani katika miili mikubwa. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna alichapisha majaribio yake juu ya miguu ya vyura iliyoruka ilipoguswa kwa metali mbili tofauti, akadai kwamba mnyama ana umeme wake. Alessandro Volta alimpinga, na kutokana na ubishi huo akaunda betri ya kwanza mwaka 1800. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli, ingawa vitabu vya shule humpa Volta ushindi wote. Kisha, mwaka 1834 na 1835, Jan Purkinje na mwanafunzi wake Gabriel Valentin, wakiwa Breslau, waligundua kwamba vinyweleo vinavyopiga vimo pia ndani ya mamalia: kwenye mirija ya uzazi na kwenye njia ya hewa. Kipande cha ngozi laini ya koo kikikatwa na kuwekwa kwenye maji ya chumvi, vinyweleo huendelea kupiga kwa saa kadhaa, mnyama mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Basi mwendo ule haukutegemea ubongo. Ulikuwa na mwendeshaji wake ndani ya seli.

Jena, 1889 hadi 1906

Aliyevikutanisha vinyweleo na betri ni Max Verworn wa Jena, Ujerumani. Mwaka 1889 alieleza jinsi paramesia, kiumbe wa seli moja mwenye urefu wa robo milimita hivi, anavyotenda mkondo wa umeme unapopitishwa katika maji yake. Badala ya kutawanyika, paramesia wote hugeuka na kuogelea kuelekea upande mmoja, ule wa ncha hasi. Ukibadilisha ncha, nao hugeuka wakarudi walikotoka. Miaka 6 baadaye Mjerumani mwingine, Ludloff, alionyesha sababu: upande wa mwili unaotazama ncha hasi, silia hupiga kinyume, na kwa kuwa upande mmoja unasukuma huku na mwingine kule, kiumbe hulazimika kuzunguka mpaka akae sawa na mkondo.

Mmarekani Herbert Spencer Jennings, aliyewahi kusoma kwa Verworn huko Jena, alitazama kitu kingine. Aliwaacha paramesia wake waogelee bila umeme wowote. Paramesia akigonga kitu kwa mbele, hurudi nyuma kidogo, hugeuza pua yake upande, kisha huenda mbele tena. Akigonga tena, hurudia. Jennings aliandika hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1906. Kurudi nyuma kulihitaji maelfu ya silia kugeuza pigo lao kwa wakati mmoja, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nani alizipa amri? Swali hilo lilibaki wazi kwa miaka 60.

Katanga, 1910 hadi 1923

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na tarehe 30 Juni 1911 tanuri la kampuni ya madini ya Union Minière kando ya mto Lubumbashi lilimwaga shaba yake ya kwanza. Wakati huohuo, kaskazini, watu walikuwa wakifa kwa malale. Kati ya Oktoba 1910 na Septemba 1912 ujumbe wa kisayansi ulioongozwa na daktari Jérôme Rodhain ulifanya kazi katika bonde la Lualaba, akiwa na madaktari wenzake Pons na Van den Branden, pamoja na mtaalamu wa wadudu Joseph Bequaert. Walipima wanakijiji, wakakamata mbung'o, wakachunguza damu ya watu na ya wanyama.

Anayetafuta malale katika damu mbichi kwa hadubini, mara nyingi haoni kimelea kwanza. Huona chembe nyekundu za damu zikisukumwa na kuyumbishwa bila sababu, na baada ya kutulia macho ndipo huona kinachozisukuma: tripanosoma, mwembamba, anayejinyonganyonga kwa mkia ulioshikamana na ubavu wake kwa utando. Mkia huo, flajela, ni ndugu wa silia kabisa. Hadubini za elektroni zilipokuja katika miaka ya 1950 zilionyesha kwamba ndani ya silia za koo la binadamu, mkia wa mbegu ya kiume na flajela ya tripanosoma kuna mpangilio uleule: jozi 9 za mirija midogo zikizunguka mirija 2 ya katikati.

Kwa hiyo mwaka 1911, katika mahema ya Lualaba, mwendo wa aina ambayo Jennings alikuwa ametoka kuiandikia kitabu ulikuwa ukitazamwa kila asubuhi. Swali lililoulizwa pale lilikuwa lingine: kimelea huyu auawe vipi, mbung'o wake hukaa wapi, na njia zipi zifungwe. Dawa iliyokuwepo ilikuwa atoksili, yenye sumu ya aseniki, ambayo Robert Koch aliijaribu katika visiwa vya Ssese huko Uganda mwaka 1906 na 1907, na wagonjwa kadhaa wakapofuka. Siwalaumu madaktari kwa kuacha fiziolojia pembeni. Kijiji kinapokufa, hakuna anayekaa kuhesabu mapigo ya mkia. Ila tusisahau nani alilipia safari zile. Koloni lilitaka njia salama za kupitishia wafanyakazi na mifugo kuelekea migodini, na maswali ya sayansi yalikatwa kwa kipimo hicho.

Katika migodi yenyewe silia zilikuwa na habari nyingine. Wafanyakazi walioletwa kutoka Luapula, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini na Angola walikufa kwa wingi kwa homa ya mapafu. Mwaka 1923 madaktari wawili wa Katanga, Pearson na Mouchet, walichapisha London kitabu juu ya usafi wa kambi za wafanyakazi, kikikusanya uzoefu wa miaka 18. Hoja zao zilikuwa chakula, nafasi ya kulala, maji na choo. Walikuwa sahihi: blanketi na sahani iliyojaa viliokoa watu wengi kuliko nadharia yoyote ya seli. Hata hivyo ulinzi wa kwanza wa mtu yule anayevuta vumbi na moshi wa salfa ulikuwa ni vinyweleo vya koo lake. Kila seli ya njia ya hewa hubeba takriban silia 200, zinazopiga kati ya mara 10 na 20 kwa sekunde, zikipandisha kamasi pamoja na vumbi lililonaswa humo mpaka kooni, mtu akohoe au ameze. Zikilemewa, vumbi hubaki chini.

Tokyo, 1934 hadi 1954

Jibu la swali la Jennings lilianza kuonekana Japani. Mwaka 1934 Takeo Kamada wa Tokyo alichapisha vipimo vya kwanza vya umeme uliopo kati ya ndani na nje ya paramesia, akitumia sindano za kioo nyembamba kiasi cha kumchoma kiumbe huyo bila kumpasua. Ndani kulikuwa hasi kuliko nje. Mwaka 1940, yeye na Haruo Kinosita walionyesha kwamba kugeuka kwa silia kunategemea uwiano wa kalsiamu na potasiamu katika maji. Kisha ikaja vita, na kazi ikasimama.

Mwaka 1954 Kinosita alirudi na jambo zito. Alitumia kiumbe anayeitwa Opalina, bapa, mkubwa, aliyefunikwa silia mwili mzima, anayeishi ndani ya utumbo wa chura. (Chura tena, sayansi ya umeme wa mwili ina deni kubwa kwake.) Kinosita alipima umeme wa utando huku akitazama silia, na kuona kwamba tofauti ya umeme kati ya ndani na nje inapopungua, mwelekeo wa pigo hubadilika. Sasa palikuwa na uhusiano wa moja kwa moja. Kilichokosekana ni mjumbe anayetoka kwenye utando kwenda kwenye mashine ya ndani.

Los Angeles, 1967 hadi 1973

Miaka hii sita ndiyo kiini cha habari yote, na karibu yote ilitokea California.

Katika Chuo Kikuu cha California, Susumu Hagiwara alikuwa akichunguza misuli minene ya kiumbe wa baharini mwenye gamba, anayeng'ang'ania miamba ya pwani. Misuli hiyo hupitisha ishara za umeme kwa kuingiza kalsiamu. Mwaka 1967 yeye na Kunitaro Takahashi walichapisha orodha ya metali zinazoziba milango ya kalsiamu iliyomo kwenye utando wa seli, kuanzia kali hadi dhaifu. Juu kabisa palikuwa na lanthanamu na urani. Zikafuata zinki, kobalti na chuma, halafu manganizi, kisha nikeli.

Mtu wa Katanga akiisoma orodha hiyo hawezi kuacha kusimama kidogo. Urani ni ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, mgodi uliotoa madini ya bomu la atomiki la mwaka 1945. Zinki ni ya Kipushi, mwendo mfupi kutoka Lubumbashi. Kobalti ni ya ukanda wote kutoka hapa hadi Kolwezi, na katika miaka ya 1960 Kongo ndiyo iliyoongoza dunia kwa kuitoa. Tangu wakati ule, mtafiti anayetaka kujua kama ishara fulani ya seli inabebwa na kalsiamu humwagia kobalti kidogo na kuangalia kama ishara inakufa.

Katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Mjapani Yutaka Naitoh na Mmarekani Roger Eckert walimrudia paramesia wa Jennings. Walimchoma sindano ya kioo yenye ncha isiyofika hata sehemu ya elfu ya milimita, wakaunganisha na kipima umeme, kisha kwa kijiti kingine cha kioo wakamgonga. Wakimgonga mbele, umeme wa ndani ulipanda ghafla kuelekea upande chanya, silia zikageuka, naye akarudi nyuma. Wakimgonga nyuma, umeme ulishuka ukawa hasi zaidi, silia zikaongeza kasi, naye akakimbia mbele. Kugongwa mbele kulifungua milango ya kalsiamu. Kugongwa nyuma kulifungua milango ya potasiamu. Matokeo hayo yalitoka katika jarida la Science mwaka 1969, na mwaka 1972 Eckert aliyaunganisha katika makala moja juu ya jinsi umeme unavyotawala silia.

Sababu ya kalsiamu kuweza kazi hiyo ni hesabu. Maji ya bwawa huwa na kalsiamu nyingi kuliko ndani ya seli, mara elfu kumi au zaidi, kwa sababu seli hutumia nguvu zake kuisukuma nje bila kupumzika. Mlango ukifunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kiasi kinachoingia kinatosha kubadili kila kitu ndani ya kinyweleo chembamba kama kile. Mlango ukifungwa, kalsiamu husukumwa nje, silia hurudi kwenye pigo lake la kawaida, na paramesia huendelea na safari akiwa ameelekea upande mwingine.

Kuna jaribio moja la mwaka 1972 ambalo kwangu linapita mengine yote. Naitoh na Hiroshi Kaneko waliwaweka paramesia katika sabuni ya maabara mpaka utando wao ukatobolewa kila mahali. Walikuwa wamekufa, hapakuwa na umeme wowote wa kuzungumzia. Halafu wakawapa ATP, ile kemikali inayobeba nguvu ya seli, pamoja na magnesiamu. Maiti zikaogelea. Kalsiamu ikiwa chache, ziliogelea mbele; ilipozidi kiwango cha takriban sehemu moja ya milioni ya moli kwa lita, ziliogelea nyuma. Kwa hiyo umeme hauzungumzi na silia moja kwa moja. Umeme hufungua mlango, kalsiamu huingia, na kalsiamu ndiyo inayofikisha amri.

Aliyepiga muhuri ni Ching Kung, aliyekuwa akitafuta paramesia wenye kasoro za jeni. Mwaka 1971 alieleza juu ya kundi lisiloweza kurudi nyuma hata kidogo, akaliita kwa jina la kitunda cha sataranji kinachokwenda mbele tu. Miaka miwili baadaye, yeye na Naitoh waliwatoboa viumbe hao kwa sabuni ileile na kuwapa kalsiamu. Wakarudi nyuma vizuri kabisa. Mashine yao ilikuwa nzima. Mlango ndio uliokuwa mbovu. Baadaye, mwaka 1976, Wajapani Ogura na Takahashi waliwanyoa paramesia silia zao na kukuta ishara ya kalsiamu imepotea nazo. Milango ilikuwa kwenye vinyweleo vyenyewe.

Kooni na kwenye uzazi

Yanayomhusu paramesia hayamhusu binadamu yote. Silia za koo letu hazigeuzi mwelekeo. Zingefanya hivyo, tungezamisha mapafu yetu kwa kamasi. Kalsiamu ikiongezeka ndani ya seli za koo, silia hupiga kwa kasi zaidi, na ongezeko hilo huletwa zaidi na kemikali na kuguswa kuliko na umeme. Wapo watu wanaozaliwa na silia zisizopiga: mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden alieleza kwa nini wagonjwa wengine wenye maambukizo ya kifua yasiyoisha huwa pia wanaume wasiozaa, na nusu yao moyo umekaa kulia. Mikia ya mbegu zao na silia zao zilikosa dayneini, protini inayosukuma mirija ya ndani.

Mkia wa mbegu ya kiume ndio uliobaki karibu na paramesia. Mwaka 2001 kundi la David Clapham huko Marekani lilipata mlango wa kalsiamu uliomo katika mkia huo tu, ukaitwa CatSper. Panya dume asiye nao hazai, kwa sababu mbegu zake haziwezi kupiga kwa nguvu inayohitajika kulipenya yai.

Lubumbashi, tangu 1956

Chuo kikuu cha Elisabethville kilifungua milango mwaka 1956. Kikapita katika kujitenga kwa Katanga, kikamezwa na chuo kimoja cha taifa mwaka 1971, kikatoka tena mwaka 1981 kwa jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Katika miaka hiyo hiyo tanuri lilipanda, likashuka, na mlima wa mabaki yake meusi ukabaki juu ya mji.

Utafiti uliokuja kujulikana duniani kutoka hapa umehusu metali zilezile za Hagiwara, ila ndani ya watu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha viwango vikubwa mno vya kobalti kwa wakazi wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Mwaka 2018 walichapisha tena, safari hii kuhusu mtaa wa Kasulo huko Kolwezi, ambako watu walikuwa wakichimba kobalti chini ya nyumba zao, na watoto ndio waliokutwa na kiasi kikubwa zaidi. Nionye hapa: kiwango cha kobalti kinachoziba milango ya kalsiamu kwenye maabara ni kikubwa kuliko kile cha mkojo wa mtoto wa Kasulo, na haifai kurukia kusema silia za watoto hao zimezibwa. Lakini kuuliza inafaa, na waliokaa juu ya madini haya wana haki ya kuuliza kabla ya wengine.

Kwa walimu wa biolojia wa Lubumbashi, Likasi na Kipushi, jaribio la Verworn linawezekana darasani wiki ijayo. Chemsheni majani makavu, acheni maji yapoe, yachanganyeni na maji kidogo kutoka kidimbwi chenye majani au mabwawa ya Kipopo, yakae siku kadhaa mpaka yapate ukungu juu. Wekeni tone pana kwenye kioo chini ya hadubini, au hata chini ya lenzi nzuri mbele ya taa, kisha tumbukizeni ncha mbili zilizounganishwa na betri ya volti 9. Paramesia watakwenda upande hasi. Geuzeni betri, nao watageuka. Ncha ziwe za risasi ya penseli. Msitumie waya wa shaba: shaba huyeyuka kidogo kwenye ncha chanya, na huwaua kabla wanafunzi hawajaona kitu.